Kupima Viuno na Kujibu Maneno kwa Bi. Tatu

Zaituni, jana nimestaafu.

Najua neno hilo ni la wazee wa reli, wale wanaosindikizwa kwa hotuba ndefu na blanketi jipya. Mimi nina miaka kumi na minane kasoro kidogo, na blanketi sikupewa. Lakini nimefanya kazi mahali pamoja mwaka mmoja na nusu, sikufukuzwa, wiki ijayo naenda chuo cha ualimu, na Jumatatu unaanza wewe. Nimeona nikuandikie kabla hujashuka kwenye basi la Nzega, kwa sababu Bi. Tatu hatakueleza kitu. Atakupa futi ya kupimia, atakuonyesha benchi la wateja, basi. Mengine utayajua kwa kuumia, na yapo ambayo ningependa usiumie.

Utadhani kazi ni kupima. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa gauni. Hiyo utaijua kwa siku mbili. Kazi ni maneno. Mwanamke akitua kanga yake na kusimama umzungushie futi, sijui kwa nini, lazima kitu kimtoke mdomoni. Atasema jambo juu ya mwili wake, na kama la mwili wake hana, atasema juu ya wako. Benchi zima linanyamaza, linangoja utajibu nini.

Mimi unanijua, dada yako. Mtu akinitupia neno, jibu langu hufika baada ya saa mbili, nikiwa kisimani au naosha miguu. Shuleni nilikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika mtu alichoniambia, wa kulia ambacho ningemjibu. Ukurasa wa kulia ulikuwa mzuri sana. Kidato cha pili mwalimu aliniuliza mbele ya darasa, "Tausi, wewe ni bubu au unaturingia?" Jibu lake nililiandika kurasa nne na hajalisikia mpaka leo.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa ndani kungoja majibu ya mtihani. Baba akaona naganda. Akanipeleka kwa Bi. Tatu kama mtu anayepeleka saa iliyosimama kwa fundi. "Wanawake wa mji mzima wanapita hapa," alimwambia. "Asipofunguka kwako, tena basi."

Bi. Tatu ni Mmanyema, lakini babu yake alizaliwa hapahapa Tabora, kwa hiyo usimwulize kwao wapi. Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na cherehani iko chumba cha mbele, dirishani, ili aone nani anakuja kabla hajabisha hodi. Siku ya kwanza alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Mikono yako safi. Haya, mpime huyo."

Huyo alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi, mnene, anauza karanga sokoni na sauti yake ni ya sokoni pia.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa yule Mzaramo wa reli," Bi. Tatu akajibu bila kuinua kichwa.

"Mzaramo! Ndiyo maana vidole baridi, vimezoea kupokea tu! Babu yangu kabeba pembe kichwani toka hapa mpaka Pwani, kufika hoi, babu yake huyu akamuuzia maji! Na jina?"

"Tausi," nikasema.

"Tausi gani? Kifaranga kilichonyeshewa!"

Benchi likaangua kicheko. Mimi nikapima kile kiuno mara tatu na mara zote tatu kikatoa inchi tofauti. Machozi yalidondokea kwenye futi.

Alipoondoka Bi. Tatu akasimamisha cherehani. "Unalia nini?"

"Amenitukana."

"Amekukaribisha," akasema. Akaendelea kushona.

Nyumbani Baba alicheka mpaka akakohoa, halafu akanieleza. Sisi na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Mpagazi wa huku akifia Pwani, hana ndugu, Mzaramo ndiye aliyemwosha na kumzika. Mzaramo akifia huku, Mnyamwezi ndiye aliyekuwa ndugu yake. Watu waliozikana hawanuniani kwa maneno. Mtani atakwambia lolote, hata juu ya kifo chako, na wewe unalirudisha. Ukinuna, ndiwe mkosaji. Mimi nimezaliwa Tabora na sikuwa najua kwamba kila mwanamke wa Kinyamwezi mjini ana leseni ya kunisema.

Bi. Tatu hakunifundisha jibu hata moja. Alinifundisha pini. Siku ya pili alinipa pini nne nibane midomoni, vichwa vikiwa nje, akasema, "Pima hivyohivyo." Mwenye pini mdomoni hajibu. Anaweza kusema "mh" tu. Akaja mama mwingine, akaniambia, "Binti, mbona mkavu hivi, kwenu hamli?"

"Mh," nikasema.

Akangoja. Akasema, "Hata mimi nilikuwa hivyo kabla sijazaa."

"Mh."

"Mume wangu alinipendea huohuo wembamba."

Kabla futi haijafika nyongani alikuwa ananieleza kwamba siku hizi mume huyo harudi kula. Lile neno lililonijia kama jiwe lilikuwa mzigo wake mwenyewe, anatafuta pa kuutua. Kumbe wengi ni hivyo. Ukijibu haraka wanaubeba tena wanaondoka nao. Kwa hiyo usizidharau pini. Ila zisizidi nne. Mimi niliwahi kupiga chafya nikiwa na sita, na sitaki kueleza zaidi.

Jambo lingine la Bi. Tatu ni kwamba namba haitamkwi. Kila mteja ana ukurasa wake katika daftari la vipimo. Unapima, unaandika, unalifunga. Usiseme inchi thelathini na nane kwa sauti mbele ya benchi, hata kama mwenyewe anaona fahari. Mtu akikuuliza, "Nimenenepa?" usimwambie hapana, kwao kuna kioo. Mwambie, "Kitambaa kinatosha." Akikuuliza utaolewa lini, mwambie, "Nikimaliza gauni lako," kisha mpime polepole. Na ujihadhari na neno kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wenzake. Siku hizi hilo ndilo baya kuliko yote benchini. Anayeleta kitenge cha pili kabla cha kwanza hakijapauka ataitwa kupe. Asiyeonekana Jumamosi kwenye shamba la ujamaa ni kupe pia. Wanacheka wakisema, lakini macho hayacheki. Hilo usiligombanie wala usilichekee. Tafuta chaki iliyoanguka, hata kama haikuanguka.

Mwezi wangu wa tano kazini hivi nikajibu. Yule mama wa karanga alirudi, akatazama futi, akasema, "Mzaramo, futi yako inaiba. Kiuno changu hakifiki hapo."

Pini zilikuwa mkononi. Nikasikia sauti yangu: "Haiibi, mama. Babu yako alipochoka na ule mzigo alikurithisha wewe, ukaufunga kiunoni."

Zaituni, benchi lilipiga yowe. Mama wa karanga alicheka hadi akaketi chini, akanipa karanga nusu kopo, akasema kifaranga kimeota manyoya. Kwa mara ya kwanza jibu langu lilifika wakati mtu bado yupo. Siku hiyo sikuandika ukurasa wa kulia. Nilitembea kwenda nyumbani nikijirudia mwenyewe njia nzima, na ukweli ni kwamba nilinogewa. Toka hapo nikawa nawangoja watani. Nawaandalia. Pini nikazisahau kwenye kile kijimto cha kuzichomeka.

Sasa nikueleze Mama Kabula.

Mama Kabula ni Mnyamwezi wa Bukene, mjane, anakaa mtaa wa Ng'ambo. Binti yake Kabula aliolewa akarudi hukohuko Bukene. Yeye na Bi. Tatu ni mashoga tangu wasichana, miaka thelathini. Walipoanza kisomo cha watu wazima walikaa dawati moja, na mpaka leo Bi. Tatu anadai mwenzake alikuwa anamchungulia. Alikuwa akija dukani hata kama hana nguo ya kushona. Na utani wake ulikuwa wa daraja la juu. Haukuwa na kelele. Aliniambia mara moja, kwa upole kabisa, "Mzaramo, ukifa nitakuja mapema, nile kabla wenye kulia hawajafika."

Ijumaa moja aliingia na gauni lake la kitenge cha bluu, tulilomshonea sisi. Bi. Tatu alikuwa ametoka kwenda kutafuta uzi, na benchi limejaa. Alitaka lipunguzwe ubavuni. Nikafungua ukurasa wake. Nikaona nimelipunguza mara mbili tayari, inchi mbili, kisha mbili na nusu. Hii ya tatu. Namba zilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, zikishuka kama ngazi. Mtu mwenye akili angeziona. Mimi niliona utani.

"Mama Kabula," nikasema kwa sauti ya kutosha benchi zima, "hii mara ya tatu. Tukiendelea hivi, si tukushonee sanda kabisa, tuokoe kitambaa?"

Wakacheka. Mama Kabula naye akacheka, lakini wa mwisho, na wa kwanza kunyamaza. "Umenipata, mtani," akasema. Akaliacha gauni juu ya meza akatoka. Nilimwona dirishani akisimama kwenye kona, ameshika ukuta.

Bi. Tatu aliporudi walimsimulia, maana utani mzuri husimuliwa. Hakucheka. Akauliza, "Mara ya tatu?" Akafungua daftari, akautazama ukurasa muda mrefu, akalifunga. Afadhali angenichapa kwa futi.

Wiki ikapita, Mama Kabula hakuonekana. Ya pili. Bi. Tatu alikwenda kwake mara mbili. Ya kwanza aliambiwa mwenyewe kaenda shamba. Ya pili alimkuta, akaambiwa ana kazi nyingi, atakuja. Akarudi amenywea. "Miaka thelathini hajawahi kunisimamisha mlangoni," akasema. "Leo tumeongea mlangoni." Akaanza kufumua mshono ambao haukuwa na kosa.

Nilijua ni mimi. Na unaona ubaya wake: kwa desturi sikukosea. Yeye ni mtani, hawezi kunishtaki, hana hata ruhusa ya kununa. Nilikuwa nimempiga mtu aliyefungwa mikono. Jumapili nikalipunguza lile gauni kwa mkono wangu, nikalikunja, nikaenda Ng'ambo.

Nilimkuta uani, amelala kwenye mkeka, saa nne asubuhi. Mikono imekwisha nyama. Ila tumbo lilikuwa limevimba upande mmoja chini ya kanga, kama mtu aliyeficha kibuyu.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nusu ukurasa. Nikaanza, "Mama, naomba unisa—"

"Nyamaza. Mtani haombi radhi, hilo hata kwenu Pwani mnalijua. Mtani akitaja sanda, anakaa matanga. Maiti ndiyo mimi hapa. Jiko lile pale. Pika."

Nikafikiri anatania. Akanyoosha kidole. Nikapika ugali na mlenda, nikaosha vyombo, nikafagia uwanja, nikachota maji madebe mawili. Kila nilipopita alisema jambo. "Maiti anasema mlenda una chumvi." "Maiti anauliza huko kwenu mnafagia hivyo, mnarudisha takataka kwa wenyewe?" Mara ya kwanza nilicheka kwa woga. Mara ya tatu nikamjibu, "Maiti gani ana maneno hivi? Wenzake wanatulia." Akacheka, akashika tumbo, uso ukabadilika rangi. Nikakaa chini karibu yake.

Ndipo akaniambia. Hospitali ya Kitete walishampima. Ni uvimbe, unatakiwa kupasuliwa, walimwandikia siku kwenye kadi, na siku yenyewe ikapita akiwa amejifungia ndani. Dada yake alipasuliwa zamani hakurudi. "Tatu asijue," akasema. "Akijua atalia, na mimi siwezi kumbeba Tatu na tumbo hili kwa pamoja."

Nikaahidi. Nilikuwa nimekosa sana kiasi cha kuahidi lolote.

Nikawa nakwenda kila Jumatano baada ya kazi, na Jumapili asubuhi. Nyumbani nilisema namfulia Mama Kabula, na haikuwa uongo. Dukani Bi. Tatu aliniuliza mara moja tu, "Hujamwona shoga yangu huko Ng'ambo?" Nilikuwa na pini nne. Nikasema, "Mh." Aliinama tena kwenye cherehani, na mimi nikajua pini zinaweza pia kutumika vibaya.

Jumapili moja akaja mjumbe wa nyumba kumi, mzee mwenye haki yote ya kuuliza, na daftari la mahudhurio mkononi. Hakumwona vizuri Mama Kabula kivulini. Akasimama kizingitini akasema kwa sauti ya mkutano, "Mama Kabula, wenzako wanalima karanga za wote, wewe Jumamosi ya tano hii umelala. Watu wameanza kusema hapa pana kupe. Na mimi nitawajibu nini?"

Mama Kabula alifumba macho. Hangeweza kusema ukweli bila mtaa mzima kujua, na Bi. Tatu pamoja na mtaa. Akanitazama mimi. Zaituni, huyo alikuwa mtu mzima na kiongozi, na mimi ni mimi. Majibu ya ukurasa wa kulia yalinijia mengi, mengine makali mazuri. Yote yangemfungua siri.

"Shikamoo, mjumbe," nikasema. "Zamu ya Mama Kabula niandike mimi. Kuanzia Jumamosi hii."

Akashangaa. "Wewe si wa nyumba kumi hizi."

"Ni mtani wake. Nina deni la maneno."

Akatazama ndani tena, safari hii taratibu, akaona mkeka, akaona ile mikono. Akafunga daftari. "Ugua pole, mama," akasema kwa sauti nyingine kabisa. Nililima Jumamosi tatu. Kwa jembe sifai, utaambiwa, na mstari wangu ulikuwa unajulikana toka mbali. Lakini neno kupe halikurudi kwenye ule mlango.

Jumatano baada ya Jumamosi ile ya tatu alikuwa amezidi. Hakula. Nilikuwa nasugua sufuria aliponiita, bila Mzaramo, bila maiti.

"Tausi. Weka utani kando. Nitakufa?"

Katika maneno yote niliyowahi kuambiwa, dukani na shuleni na popote, sijawahi kuambiwa gumu kama hilo. Nilijua watu hujibu nini. Hutakufa, mama. Mungu mkubwa. Mbona unaendelea vizuri. Tangu siku ya mjumbe nilikuwa nimewasikia majirani, waliodhani ni homa tu, wakimwambia hivyo juu ya ukuta, na kila mara aliitikia "asante" na kugeukia upande wa pili. Pini hazikuwepo, na "mh" ingekuwa dhambi.

"Sijui," nikasema.

Akanitazama.

"Sijui, mama. Ningejua ningekwambia. Ukienda Kitete nitakaa mlangoni mpaka utoke, hata kama ni siku nzima. Na usipokwenda, leo hii natoka hapa naenda kumwambia Bi. Tatu. Alie mapema, wewe ukiwepo kumbembeleza. Mimi peke yangu simwezi."

Nilikuwa navunja ahadi mbele ya mgonjwa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kuku wa jirani akaingia, akadonoa ukoko, akatoka.

"Mzaramo mbaya wewe," akasema mwishoni. "Kadi iko chini ya mto."

Alhamisi tulikwenda kwa miguu, tukipumzika kila penye ukuta. Daktari hakumgombeza kwa ile siku iliyopita. Alimlaza palepale, na Jumamosi akampasua. Mlangoni nilikaa, kama nilivyosema. Nesi mmoja aliniuliza mara mbili kama mimi ni binti yake, na mara zote mbili nikasema ni mtani wake, akaondoka akitikisa kichwa. Ilipofika alasiri daktari akatoka akasema uvimbe umetoka wote, na moyo wa mama ni wa farasi.

Siku ya nne Mama Kabula akaniambia, "Haya. Kamwite."

Nilimkuta Bi. Tatu dirishani, pini mdomoni, benchi lina watu wawili. Nilisema yote kwa mpigo mmoja, nikiwa nimesimama, kuanzia sanda mpaka wodi. Pini akazitoa mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto, akavaa baibui, akawaambia wateja, "Fungeni mlango mkitoka." Mimi nilitembea nyuma yake hatua tatu nikihesabu kwamba nimepoteza kazi, na sikuona uchungu kama nilivyodhani.

Tulifika nesi akiwa amefungua bandeji kusafisha kidonda. Bi. Tatu akasimama miguuni pa kitanda.

"Miaka thelathini," akasema.

"Shoga, kaa."

"Sikai. Mtoto wa watu anajua. Mjumbe anajua. Nesi anajua. Mimi niko dirishani nashona vifungo!"

"Ungelia, Tatu."

"Nisilie kwa nini? Machozi yangu au yako? Nimekuomba unishikie?" Sauti yake ilipanda mpaka wagonjwa wakainua vichwa. "Ungekufa, Mama Kabula, ningekuua!"

Nesi akasimama na pamba mkononi. Mama Kabula akaanza kucheka, akajishika. "Usinichekeshe, utanifumua!"

"Kakushona nani? Hebu." Bi. Tatu akasogea, akarekebisha miwani yake ya uzi, akainama juu ya tumbo la mwenzake kama anavyoinama juu ya kazi ya fundi mwingine. Akafuata mshono kwa jicho toka mwanzo hadi mwisho, bila kugusa. "Mh," akasema. "Ameshona vizuri. Hajavuta uzi." Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akauficha uso kwenye kanga ya Mama Kabula, mabega yakaanza kutikisika. Mama Kabula akampigapiga mgongoni, akitazama dari.

Nilibaki nimesimama, najitafutia neno, kwa mazoea. Halafu nikaona hakuna aliyekuwa ananingoja niseme. Nikachukua chupa ya chai, nikamwuliza nesi maji ya moto yanapatikana wapi, nikaenda, na nikakawia makusudi.